Kuosha Maiti Mwenye Ukimwi, na Khofu Isiyo na Elimu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Limetufikia katika darsa yetu swali kutoka kwa mama mmoja ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akiwaosha wanawake wanaofariki katika mtaa wake. Jina lake hatulitaji, wala mtaa wake, kwani aibu ya jambo hili si yake yeye. Asema kuwa mwezi wa Shaaban uliopita alifariki jirani yao, mjane aliyeacha watoto watatu, na ilikuwa yajulikana na watu kuwa marehemu akitumia dawa za Ukimwi. Mama huyu alipofika nyumbani kwa marehemu aliwakuta waosha wenzake wamesimama uani, hapana hata mmoja aliyekubali kuingia chumbani. Mmoja alitoa shauri maiti amwagiwe maji kwa mpira kutoka mlangoni, kama gari lioshwavyo. Mwengine akasema kuwa sharia ina ruhusa ya dharura, basi na atayamamishwe yatoshe. Mzee mmoja wa nyumba akaona hilo la pili ndilo jepesi, akalikubali. Mama huyu alitaka aingie peke yake, lakini binti zake wakamzuia, wakamwambia kuwa akimgusa maiti yule asirudi kuwashika wajukuu. Maiti akatayamamishwa, akakafiniwa, akasaliwa, akazikwa.

Sasa mama auliza mambo matatu. Je, tayamamu ile ilisihi? Je, yeye aliyerudi nyuma ana dhambi? Na zile nguo na vyombo vya marehemu, ambavyo hata leo vimefungwa katika gunia nyuma ya nyumba kwa kuwa hapana anayethubutu kuvigusa, vifanywe nini?

Swali hili kwa dhahiri yake ni la mlango wa janaza, lakini ufunguo wake uko kwa matabibu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kuwa kuosha maiti ni fardhi kifaya, yaani wakiifanya wachache imewaondokea wote, na wakiiacha wote wamepata dhambi wote waliojua na wakaweza. Na wameruhusu tayamamu badala ya maji panapokuwa na udhuru wa kweli: kama maiti aliyeungua hata ikawa akitiwa maji mwili utabanduka, au ikikhofiwa madhara yatakayompata yule anayeosha. Hapa ndipo waliposhika wale waliosimama uani. Lakini khofu inayobadilisha hukumu si kila khofu ipitayo moyoni. Mgonjwa anayetaka kuacha kutawadha kwa kukhofu maji, vitabu vyetu vyamtaka ategemee ujuzi wa kweli au kauli ya tabibu muaminifu. Haimtoshi kusema kuwa moyo wake waona vibaya. Ikiwa hivi ndivyo katika udhu wa mtu aliye hai anayejisemea mwenyewe, itakuwaje khofu tupu itoshe kuiangusha haki ya maiti, asiyekuwa na ulimi wa kuidai? Na la kustaajabisha zaidi ni kuwa tayamamu yenyewe haifanyiki ila kwa kumpangusa maiti uso na mikono. Mwenye kuogopa kugusa amekimbilia ibada ya kugusa!

Basi hapana budi tuyajue maradhi haya yapitia wapi na hayapitii wapi. Si mageni tena hata tuwe na udhuru wa kutoyajua. Yalitambuliwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1981. Virusi vyake vikapatikana mwaka 1983 na wataalamu wa taasisi ya Pasteur huko Paris. Mgonjwa wa kwanza wa hapa Kenya akajulikana mwaka 1984. Na Novemba 1999 Serikali ikayatangaza kuwa ni janga la taifa. Katika miaka hii arobaini na zaidi matabibu wamewaangalia wagonjwa kwa mamilioni, katika kila bara, pamoja na wake zao, waume zao, watoto wao na wauguzi wao. Elimu iliyopatikana ni ya yakini, wala si ya kukisia.

Walilolipata ni hili. Virusi hivi huishi katika baadhi ya chembe za damu ya binadamu, na hupatikana kwa kiasi cha kuweza kuambukiza katika damu, katika manii, katika majimaji ya tupu ya mwanamke na ya njia ya nyuma, na katika maziwa ya mama. Hapana maambukizo mpaka kimojawapo kati ya hivi kitoke kwa mwenye virusi na kiingie ndani ya mwili wa mwengine, ama kwa jimai, ama kwa sindano au wembe wenye damu, ama kwa kuwekewa damu isiyopimwa, ama kutoka kwa mama kwenda kwa mwanawe katika mimba, uzazi au kunyonyesha. Ngozi iliyo nzima ni ukuta, havipenyi. Mate, jasho, machozi na mkojo havipitishi maradhi haya, isipokuwa vikiwa vimechanganyika na damu. Navyo ni dhaifu vitokapo nje ya mwili. Damu ikikauka, nguvu yake ya kuambukiza yaondoka upesi.

Kwa hivyo kula katika sinia moja hakuambukizi. Kuchota kwa kata moja katika birika la msikiti hakuambukizi, wala kutawadha baada ya mwenye virusi, wala kusimama naye bega kwa bega katika safu, wala kupeana mkono baada ya sala, wala kutumia choo kimoja, wala kulala katika godoro lake. Tunayataja haya moja moja kwa kuwa tumesikia kila moja likiogopwa, na tumeona mtu akiachiwa nafasi katika safu kama kwamba amesimama na moto.

Na mbu, ambaye huulizwa kila darsa, naye hapitishi. Watu husema: vipi alete malaria asilete Ukimwi, na hali anywa damu? Jawabu ni kuwa kijidudu cha malaria kimeumbwa kuishi ndani ya mbu. Hukua humo, kisha hupanda katika mate yake. Virusi vya Ukimwi haviwezi kuishi humo, husagwa pamoja na damu aliyoinywa. Tena mbu anapouma hamtii mtu damu ya yule aliyemuuma kwanza. Anachotia ni mate yake. Na lau mbu angelikuwa mpitishaji, tungeliona maradhi haya yakiwashika watoto wa miaka sita na saba kama malaria inavyowashika, wala si hivyo tunavyoona. Chandarua kifungwe, lakini kifungwe kwa ajili ya malaria.

Hapa husimama makundi mawili, na kila moja limeshika upande wa hadithi. Kundi moja hutaja hadithi inayokanusha ambukizo, likasema kila kitu ni kadari, basi hapana haja ya kupima wala kujikinga. La pili hutaja hadithi inayoamrisha kumkimbia mwenye ukoma kama akimbiwavyo simba, likamtenga kila mgonjwa. Wanavyuoni wamekwisha kuzikusanya hadithi hizi mbili zamani. Kinachokanushwa ni ile itikadi ya kijahiliya kuwa maradhi yaenda yenyewe kwa nguvu zake bila ya amri ya Mungu. Ama sababu ambazo Mungu mwenyewe ameziweka, hizo hazikukanushwa, na ndiyo maana Mtume akakataza ngamia wagonjwa wasipelekwe kunyweshwa pamoja na wazima. Sayyidna Omar alipokuwa njiani kwenda Shamu, akafika Sargh na kupata khabari ya tauni, aliwashauri masahaba kisha akageuza msafara. Abu Ubayda alipomuuliza kama yuwaikimbia kadari ya Mungu, jawabu yake ilikuwa kwamba yuaikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Tauni ile ya Amawas ndiyo iliyomuua Abu Ubayda mwenyewe, mwaka wa 18 Hijria (639), Mungu awe radhi nao wote.

Lakini angalia: Sayyidna Omar aliukimbia mji wenye tauni kwa kuwa tauni hupita kwa kukaa nayo katika mji. Hakusema kuwa kila maradhi yakimbiwe kwa namna moja. Lisanuddin Ibnul Khatib wa Granada, aliyefariki mwaka 1374, aliandika juu ya tauni ya zama zake akasema kuwa ambukizo limethibiti kwa kuangalia: aliyewagusa wagonjwa na nguo zao alikufa, na aliyejitenga alisalimika. Sisi twaisifu njia yake. Na njia hiyo hiyo ya kuangalia, ilipotumiwa katika Ukimwi, imetupa jawabu jengine: aliyekula na mgonjwa hakuugua, aliyemwosha na kumlisha na kulala chumba kimoja naye hakuugua, aliyeugua ni yule aliyefikiwa na damu au na majimaji tuliyoyataja. Mwenye kuyatendea maradhi haya kama tauni hakumfuata Omar wala Ibnul Khatib, amefuata khofu yake.

Wala hili si rai yetu wachache wa darsa. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha tisa kilichokaa Abu Dhabi mwezi wa Aprili 1995, iliyapokea maelezo ya matabibu na ikaamua kuwa si wajibu kisharia kumtenga mwenye virusi hivi na wazima, kwa sababu havipiti kwa kukaa pamoja wala kugusana wala kula. Ikaamua pia kuwa kumwambukiza mtu kwa makusudi ni haramu na ni katika madhambi makubwa, anastahili adhabu mwenye kulitenda.

Sasa tumrudie maiti. Hatutaki kuwadanganya waosha kwa kuwaambia kuwa virusi hufa pale pale roho inapotoka. Huweza kubaki katika damu ya maiti kwa siku kadhaa, na zaidi akiwa amewekwa katika baridi ya hospitali. Kwa hivyo hadhari ipo, lakini ni hadhari ya damu, si ya maiti. Muosha avae glavu za mpira, na aproni ya plastiki juu ya nguo zake. Akiwa na mchubuko au kidonda mkononi akifunike kwanza kwa plasta, au amwachie kazi mwenzake. Matundu ya sindano za hospitali na vidonda vya maiti vizibwe kwa pamba na plasta kabla ya kumwaga maji. Tumbo likamuliwe kwa upole kama vitabu vyetu vielezavyo, si kwa nguvu za kurusha uchafu. Maji yateremke polepole kwenye ufuo uliochimbwa chini ya kitanda, yasirukie watu. Wembe usitumike katika mwili wake. Kisha kitanda kisafishwe kwa maji ya klorini: dawa ya kufulia nguo yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Mwisho muosha avue glavu, azitupe, aoge kwa sabuni.

Tumesikia wanaosema kuwa glavu ni bidaa, na kuwa maiti yataka aguswe kwa mkono mtupu. Wenye kusema hivi hawakufungua kitabu. Vitabu vya fiqhi tunavyovisomesha vijana vyasema kuwa muosha afunge kitambaa mkononi anaposafisha tupu za maiti, na hapana ruhusa kuzigusa bila ya kizuizi. Glavu ni kitambaa kilicho bora kuliko kitambaa. Maji, majani ya mkunazi na kafuri vyatumika vile vile, wala hapana sunna hata moja iliyopotea.

Hadhari hii ifanywe kwa kila maiti, awe tajiri au maskini, mzee au kijana, aliyejulikana kuwa na maradhi na asiyejulikana. Muosha haioni damu ya mtu kwa macho akajua mna nini. Kuna homa ya ini ya aina ya B, ambayo virusi vyake ni vigumu kuliko vya Ukimwi na huweza kukaa siku saba nje ya mwili. Wangapi walioshwa nayo kwa mikono mitupu na watu wale wale waliomkimbia mjane wa Shaaban? Tena ikiwa glavu zavaliwa kwa maiti wote, hapana maiti atakayefedheheka kwazo. Zikivaliwa kwa mmoja tu, zimekuwa ni tangazo.

Na ikiwa, pamoja na hadhari zote, muosha amejichoma kwa kitu chenye damu au damu imemrukia jichoni, na aoshe pale pale kwa maji mengi, kisha aende hospitali siku ile ile. Matabibu wamehesabu kuwa hata anayechomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi, wanaoambukizwa ni kiasi cha watatu katika elfu moja. Na hao watatu nao wana kinga: kuna dawa za kuzuia, zinazoanzwa kabla ya kupita saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Hii ndiyo hatari ya kuchomwa na sindano. Hatari ya kummwagia maji maiti kwa mkono wenye glavu msomaji aipime mwenyewe.

Lililotuuma zaidi katika barua ya mama huyu ni kuwa watu wale wale wanaolinda mlango wa chumba cha maiti wameiacha wazi milango ya kweli.

Mlango mkubwa ni jimai, nayo ndiyo njia inayowaambukiza watu wengi zaidi. Zinaa ni haramu kwa Kitabu na Sunna, kuwe na Ukimwi au kusiwe, wala hatuhitaji maradhi yatusaidie kuihubiri. Lakini wanawake wangapi wameambukizwa ndani ya nikahi sahihi, vitandani mwao, na waume ambao harusi zao tulizila sisi? Mume husafiri, akarudi na siri. Au amejua khabari yake na akaoa mke wa pili bila ya kusema neno. Posa huulizwa ukoo, kazi na mahari, na kipimo cha damu hakiulizwi kwa kuona haya. Tunasema wazi: mwenye kujua kuwa ana virusi akaficha na akafunga ndoa, amefanya ghishi katika mkataba mzito kuliko yote, na ghishi katika pishi ya mtama imekwisha kukemewa na Mtume, sembuse katika nafsi ya mtu. Wote wawili na wapime kabla ya nikahi, na kwa kuwa virusi vipya huweza visionekane katika kipimo kwa wiki kadhaa, warejee kupima baada ya miezi mitatu ikiwa kuna shaka.

Wala kupima si kuvunja ndoa. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa jozi 1,763 katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, ambamo mmoja ana virusi na mwenzake hana. Kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizo baina yao kwa asilimia 96. Chunguzi za baadaye, zilizotangazwa 2016 na 2019, hazikupata hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake ambaye dawa zimevishusha virusi vyake hata kipimo hakivioni. Maana yake ni kuwa mwenye kumeza dawa zake kila siku na kupimwa akakutwa hivyo, hamwambukizi mkewe au mumewe kwa jimai. Kabla ya kufikia hapo, mume na mke wana mpira, nao hukumu yake ni kama ya azili waliyoijua masahaba. Na dawa hizi zimekuwa zikitolewa bila ya malipo katika hospitali za serikali tangu mwaka 2006. Mwenye kuziacha kwa sababu ya kombe au hirizi, na aliyemwambia aziache, wote wawili wana la kujibu. Kisomo cha Kurani ni dua na ni ponyo, nasi twakisoma. Hapana aya iliyomkataza mgonjwa kumeza dawa yake.

Mlango wa pili ni mama na mtoto. Bila ya dawa, katika watoto mia wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye virusi, baina ya 15 na 45 huambukizwa. Kwa dawa hushuka chini ya watano. Wala mama hana haja ya kumnyima mwanawe ziwa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2016 kuwa mama anayetumia dawa zake sawasawa anyonyeshe angalau mwaka mmoja, na aweza kuendelea mpaka miaka miwili au zaidi, na miaka miwili ndiyo muda kamili uliotajwa katika Suratul Baqara. Kwa hivyo mwanamke mwenye mimba anayezuiwa na mumewe kwenda kliniki asijulikane, amezuiliwa haki yake na ya aliye tumboni.

Mlango wa tatu ni chuma chenye damu. Mganga anayechanja chale watu kumi kwa wembe mmoja, anayepiga chuku kwa kisu ambacho hakikuchemshwa, ngariba anayewatahiri watoto wa jando kwa kisu kimoja mstari mzima: hawa ndio wa kuogopwa, na hawa ndio tunaowapelekea watoto wetu kwa furaha na vifijo. Tohara yenyewe ni rehema. Majaribio yaliyofanywa Kisumu, na Rakai nchini Uganda, na Orange Farm nchini Afrika Kusini, ambayo matokeo yake yalitoka baina ya 2005 na 2007, yalionyesha kuwa tohara yampunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kiasi cha asilimia 60. Kupunguza si kuondoa, wala haimlindi mke aliyeolewa na mwenye virusi. Lakini itakuwa msiba mkubwa ulioje kuitia sumu sunna kwa kisu kichafu. Kila mtoto na wembe wake. Bei ya wembe yajulikana.

Na vijana wetu wanaojidunga unga katika vichochoro vya mwambao huu, wakipokezana sindano moja, hao damu yao hupita kutoka mshipa kwa mshipa moja kwa moja. Tangu mwisho wa 2014 kuna vituo vya methadoni hapa Kenya, na pwani yetu inavyo. Mzazi mwenye kijana wa namna hii ampeleke huko, badala ya kumfungia chumbani mpaka atoroke.

Limebaki neno moja kabla ya majibu. Watu wale waliosimama uani hawakuogopa maiti tu, walisema pia. Walisema marehemu aliyapata wapi. Basi wajue kuwa katika njia zote tulizozitaja, muosha hawezi kujua kwa kumtazama maiti ni ipi iliyompata, na kwamba kumsingizia mwanamke mhifadhika zinaa bila ya mashahidi wanne ni kosa ambalo Suratun Nur imelipangia mijeledi themanini na kukataliwa ushahidi. Na muosha ameahidiwa msamaha mkubwa akiyasitiri aliyoyaona kwa maiti. Ahadi hiyo ni ya mwenye kufunga mdomo. Hata sheria ya nchi, iliyopitishwa mwaka 2006, yakataza kutangaza hali ya mwenye virusi na kumbagua kwayo. Ni ajabu kwamba Bunge litutangulie sisi katika jambo ambalo Mtume wetu amelifundisha kwa karne kumi na nne.

Majibu basi ni haya. Ama tayamamu, haikuwa na udhuru wa kisharia, kwani maji yalikuwepo, maiti alikuwa mzima wa mwili, na madhara yaliyokhofiwa hayakuwepo kwa kauli ya matabibu wote tuliowauliza. Ilikuwa wajibu aoshwe. Lakini miezi imepita tangu azikwe, na kaburi halifukuliwi mwili ukisha kubadilika. Waliobaki wamwombee maghufira, na wawatake radhi watoto wake watatu. Waliotenda kwa kutojua, twataraji Mwenyezi Mungu awasamehe. Atakayerudia baada ya kufikiwa na elimu, huyo hana udhuru tunaoujua sisi.

Ama mama mwenyewe, nia yake ilikuwa njema na alizuiwa. Asiiache kazi yake. Na amwambie kila binti yake kuwa mikono iliyoosha maiti kwa glavu, kisha ikaoshwa kwa sabuni, yafaa kumshika mjukuu na kumlisha. Darsa yetu imenunua boksi tatu za glavu na aproni nne, zimewekwa katika ghala ya msikiti pamoja na jeneza na kitanda cha kuoshea. Waosha wote, wanaume kwa wanawake, wanakaribishwa kuzichukua bila ya kuulizwa ni za maiti gani.

Ama gunia lililo nyuma ya nyumba, na lifunguliwe. Nguo zifuliwe kwa maji na sabuni, na yenye doa la damu irowekwe kwanza katika maji ya klorini. Masufuria, sahani na vikombe vioshwe kama vyombo vyengine vyovyote. Vyote hivyo ni mali ya urithi, si taka, wala hapana jirani mwenye haki ya kuvichoma moto. Wapewe watoto wake. Na wakitaka kutoa baadhi ya nguo sadaka kwa niaba ya mama yao, mwenye kupewa azivae.

Wallahu aalam.